Mtongwe hadi Bamburi na Tangi Lisilokaa Maji

Nyote mlioniuliza, kanisani, kwenye simu, na wewe jirani uliyenisimamisha sokoni samaki wangu akioza mkononi: naandika mara moja tu, mkishasoma mniache. Ndiyo, ni kweli tulitoka Mtongwe Alhamisi na tukafika Bamburi Jumamosi. Ndiyo, ni safari ambayo mtu mwenye akili zake huondoka baada ya chai ya asubuhi na kufika kabla chakula cha mchana hakijaiva. Hapana, hatukupotea njia. Tulikuwa tunavuta trela la mdogo wangu Karisa, na hayo yanatosha kumkawiza mtu yeyote.

Mtongwe, hatujaondoka bado

Kwanza mjue kwa nini trela. Mama yetu alivunjika nyonga mwaka jana, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo anatembelea fremu ya chuma. Kuchuchumaa hawezi. Nyumbani nilimwekea choo cha kukalia, na akiwa humo hapiti mtu. Anaoga mwenyewe, mlango kaukomea kwa ndani, na ukibisha kumuuliza kama yu salama anakujibu kama aliyemfumania mwizi. Mimi ndiye ninayeishi naye, na tangu atoke hospitali hajaniruhusu hata kumshika mkono akishuka kizingiti. "Niache, Kadzo," ndilo neno lake. "Sijawa mtoto."

Sasa Riziki anaolewa. Riziki ni mtoto wa dada yetu marehemu, na Mama ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Harusi ni Bamburi, na watu wa mume wangekuja kumchukua bibi arusi pale pale anapokaa: vyumba viwili vya kupanga, choo cha shimo huko nyuma, wapangaji wote wanakitumia hicho kimoja. Mama aliposikia habari za hicho choo akasema haendi. "Nikashikiliwe na wanawake wawili nipate kuchuchumaa, wakwe wanapita? Aka! Mwambieni Riziki nimembariki hapa hapa nilipo." Riziki akalia kwenye simu mpaka nikaizima, kwa sababu hata mimi nilikuwa karibu kulia.

Ndipo Karisa, ambaye ni makanika na kwa hiyo anajua kila kitu kilichoumbwa, akasema dawa anayo. Alikuwa amenunua trela la kulala kutoka kwa Mzungu mmoja aliyefunga nyumba na kurudi kwao. Ndani mna kitanda, jiko dogo, sinki karibu na mto wa kulalia, choo cha kukalia, na bafu lenye mlango wake. Tangi la maji liko chini ya kitanda, na kuna pampu ndogo ya betri inayoyasukuma hadi mferejini. Nikaenda kwa Mama nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, utakuwa na choo chako, bafu lako, maji yako. Hakuna atakayekushika. Naapa."

Akagonga fremu yake sakafuni. "Maji yakikosekana nageuza," akasema. "Sendi kwa wakwe nanuka."

Ahadi ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyonitoa jasho njia nzima.

Alhamisi mchana Karisa akajaza tangi mpaka likafurika, akanieleza kanuni zake kama mwalimu wa darasa la kwanza. Trela likitembea, pampu inazimwa, betri isije ikaisha. Trela likisimama, inawashwa. Swichi iko nje, kwenye kisanduku cha betri huko mbele. Alinieleza mara tatu. Mama akapanda ngazi na fremu yake, mimi nimenyoosha mikono nyuma yake hewani kama golikipa, na wala hakunitazama.

Dongo Kundu hadi Miritini

Feri tuliikwepa. Karisa alisema ule mteremko wa kuingia feri utalikwangua trela matako, basi tukapita barabara mpya ya Dongo Kundu. Barabara safi, upepo, nikaanza hata kuimba pambio. Nisingeimba kama ningejua.

Miritini tukasimama mahali malori yanapopumzika, kwa mama mmoja mwenye mahamri na mbaazi. Karisa akawasha pampu, tukakaa. Chai haijamiminwa, yule mama akanyoosha mwiko nyuma yetu. "Jamani, gari lenu linakojoa."

Nikageuka. Maji yalikuwa yanamwagika chini ya trela, yanachimba mchanga. Karisa akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Maji! Maji yanatoka! Maji!" Akajitupa chini ya trela na spana yake, tukawa tunaona miguu tu. Akakaza hapa, akakaza pale, akatukana kidogo, na baada ya muda maji yakaacha. Akatoka amejaa tope mpaka kwenye nyusi, anacheka. "Nati ililegea. Nimeimaliza."

Tulipotazama tangi, nusu yake ilikuwa imekwenda. Na mbaazi zangu zilikuwa zimepoa.

Hapo ndipo alipojitokeza fundi Mwinyi, mtu wa makamo, kofia yake ya kutariziwa, kazi yake kutengeneza mifereji na mipira ya pale wanapooshea malori. Alilizunguka trela akiguna. Akasema kujaza tangi kwa ndoo ni kazi ya kizamani, yeye atatuunganishia mpira moja kwa moja na pampu yao. Nikamwambia ile pampu inang'oa tope kwenye magurudumu ya lori, na hivi vibomba vyetu ni vyembamba, atafute namna ya kupunguza nguvu kwanza.

"Wallahi dada, maji ni maji," akasema.

Akafungua. Tukasikia pwaa! Bomba la chini ya kitanda lilichomoka kwenye kiungo chake na kurusha maji ndani kama bunduki. Godoro likalowa, zulia likalowa, kapu la nguo likanusurika kwa sababu lilikuwa limetundikwa. Nikapiga kelele funga, funga! Mama akatokea mlangoni na fremu yake, pindo la gauni linachuruzika, na msinione mwongo: alikuwa anatabasamu.

"Leo yamekuja kwa nguvu," akasema.

Nikadhani ananicheka. Nikamgeukia fundi, maana yeye ningeweza kumgombeza. Alikuwa ameshaingia chini ya kitanda, anakifunga kiungo kwa kipande cha mpira wa tyubu na klipu juu yake. "Litashika, inshallah."

"Fundi, usiniambie inshallah. Niambie litashika."

"Dada yangu, mimi kesho yangu mwenyewe siijui, nitaijua ya klipu?"

Nisiwe mkosefu wa haki: ile klipu yake ilishika, haikutoa hata tone tena. Lakini godoro lilikuwa linakamuliwa kama kitambaa cha deki, na kufika Bamburi siku hiyo ilikuwa basi. Tukaenda kulala Port Reitz, kwa Karisa.

Port Reitz

Mtaa wa Karisa ulikuwa haujaona maji ya mferejini tangu wiki iliyotangulia. Hilo nalo ni jambo la kawaida, halina haja ya kusimuliwa, ila kwa yaliyotupata.

Ijumaa asubuhi godoro limekauka, tangi limejazwa na mitungi ya mkokoteni, trela liko kando ya ua. Nikamwambia Karisa awashe pampu Mama aoge, mimi nikaenda kununua mkate. Nilivyorudi nikakuta foleni. Wanawake, mitungi, ndoo, beseni, hata mwenye birika. Walikuwa wamepanga mstari nyuma ya trela, pale bomba la maji ya sinki linapotokea, na maji yanamwagika matamu kabisa, na kila mtu anakinga.

Msichana mmoja wa bara, mpangaji wa pale, akanigeukia kwa adabu zote. "Mathe, hizi maji mnauza ama ni za bure?"

"Ni za mama yangu!"

"Mama yako ako na boza yake ya maji?"

Nikapenya foleni. Chini ya trela miguu ya Karisa ilikuwa inapiga teke hewa, anapiga kelele, "Maji! Yanatoka tena! Maji!" na majirani ambao hawakuwa wametoka wakamsikia, wakaipokea. "Maji! Maji yamekuja!" Milango ikafunguka hadi ule mwisho wa ua. Mzee mmoja alitoka na taulo kiunoni na sabuni mkononi. Na dirishani, pazia limevutwa kando, Mama anawapungia watu mkono.

"Kingeni haraka, jamani," anawaambia. "Hayakawii kukatika hayo."

Karisa akakaza kitu fulani. Maji yakaacha. Watu wakamshukuru kana kwamba ndiye aliyeyaleta, naye akazipokea hizo shukrani. Mimi nikaenda dirishani damu imenipanda kichwani. "Mama, huu si mzaha! Maji yako yanaisha, unawafurahia watu!" Akanitazama, akavuta pazia. Nilipomuuliza baadaye kama alipata kuoga akasema ataoga mbele ya safari.

Tukaita mkokoteni tena. Tukajaza tena, mtungi baada ya mtungi, kwa faneli ya chupa iliyokatwa, jua limeshatuelemea. Karisa alinihutubia muda wote juu ya viungo vya plastiki na jinsi joto linavyovilegeza. Nilitamani kumtia yeye humo tangini na kumfungia kifuniko.

Kisauni

Kutoka Port Reitz hadi kuvuka daraja la Nyali hatukwenda, tulisukumwa na foleni. Nilinunua njugu, nikala, zikaisha, tukawa bado tunaliona lori lile lile mbele. Tulipofika Kisauni alasiri, Karisa macho mekundu, tukaomba kusimama kwenye uwanja wa kanisa moja ambapo namjua mke wa mchungaji. Karisa akawasha pampu, akasikiliza, akatazama chini ya trela: pakavu. Akanionyesha dole gumba. Tukavuka barabara kwenda kula viazi karai, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo ama nile viazi ama nile mtu.

Vilikuwa vizuri, na ukwaju wake. Tukakaa. Hakuna aliyetuita.

Tuliporudi uwanja ulikuwa tope. Kutoka kwenye trela ulikuja mngurumo mkavu, kama mgonjwa wa pumu, halafu harufu ya plastiki iliyoungua, halafu kimya. Pampu ilikuwa imesaga bure bila maji mpaka ikafa. Tangi, ukiligonga, linalia kama debe.

"Nimekaza kila kinachokazika!" Karisa akasema, na sauti yake ikavunjika. Mwanamume mzima mwenye watoto wanne. "Kadzo, mimi sijui tena. Sijui."

"Basi tugeuze," nikamwambia. "Nilimwahidi." Na niseme kweli, nilikasirika na kila mtu: na Karisa, na Mzungu wake, na fundi Mwinyi, na Riziki kwa kupanga nyumba yenye choo cha shimo. Nikapanda ngazi kwenda kumwambia Mama kwamba harusi hataiona.

Mama alikuwa amelala. Vile vidonge vyake vya maumivu humlaza fofofo. Nikatazama sinki lililo kando ya mto wake. Ndani yake mlikuwa na sufuria, imejaa hadi ukingoni. Na juu ya sufuria, mfereji uko wazi. Umefunguliwa hadi mwisho.

Nikaufunga. Nyote mnaokaa Likoni, Kisauni, Changamwe, mnajua ni nini hicho, sina haja ya kuwafasiria. Maji yakikatika hufungi mfereji. Unauacha wazi, unatega chombo chini yake, unaenda zako, na yakirudi wewe unayasikia. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya. Mama kafanya hivyo tangu nimepata akili. Kila Karisa alipozima pampu tukiwa njiani, Mama aliujaribu mfereji, akaukuta mkavu, akasema yamekatika, akauacha wazi ayangoje. Kila Karisa alipoiwasha, yakaja.

Nikainama chini ya meza. Birika, chupa ya chai, sufuria tatu, chungu, chupa za soda, mpaka kikombe cha kunyolea cha yule Mzungu. Vyote vimejaa maji, kila kimoja kimefunikwa na sahani au kitambaa.

Mama akafumbua macho. "Yamekuja?"

"Mama!" Nilipiga ukelele nadhani mchungaji aliusikia. "Hayaji! Hayatoki kwa kampuni ya maji! Yalikuwa hapa hapa, chini ya mgongo wako, ni Karisa anazima na kuwasha!"

Akaketi polepole. "Mbona hamkuniambia?"

Ni kweli. Hakuna aliyemwambia. Tulimpandisha kama mzigo wa thamani tukafunga mlango.

"Nasikia yanatiririka," akasema, naye sasa amekasirika, "nasikia na Karisa huko chini anaita maji, maji. Nikasema vyema, mwanangu ananiamsha nisipitwe. Nainuka na nyonga yangu hii, nakinga, nafunga. Nimekosa nini?"

Karisa alikuwa mlangoni na spana mkononi. "Kwa hiyo zile nati..."

"Nati zilikuwa nzima," nikamwambia.

Akakaa kwenye ngazi akatazama barabara, na kwa mara ya kwanza tangu Mtongwe hakuwa na la kutueleza.

"Basi tugeuze," Mama akasema. "Nilisema maji yakikosekana nageuza. Na maji ya mfereji hakuna." Akalala akaupa ukuta uso.

Nililia kwa hasira, sikuficha. Kisha nikatoka nikamwambia Karisa kwamba kukicha tunakwenda Bamburi. Mwache akanune huko huko. Kuapa niliapa, ndiyo, na kiapo nimekivunja, lakini sikuwa tayari kumpigia Riziki ile simu.

Bamburi

Jumamosi Mama hakunisemesha. Tulifika watu wamejaa, turubai limefungwa, pilau linanukia mpaka barabarani, kina mama wamevaa leso za sare. Karisa akalirudisha trela nyuma hadi ukutani, kwa usalama. Watu wakaja kumlaki Mama. Mama akakataa kushuka.

Nikachukua moja ya sufuria zake na kata, nikamfuata. "Mama, dakika chache tu. Nikumwagie mimi, uvae, ushuke. Hakuna atakayeona."

"Toka."

"Mama, nakuomba..."

"Toka, Kadzo!"

Nikatoka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka kuketi pale mavumbini na nguo zangu za harusi. Riziki akanikuta hapo. Nywele zimesukwa, mikono ina hina, lakini amejifunga leso mbili na uso umekunjamana. Nikamweleza yote, sikumbakishia. Nilingoja alie. Hakulia. Akapita kando yangu akafungua mlango wa trela bila kubisha, nami nikasema moyoni, huyu naye anakwenda kufukuzwa.

"Nyanya," nikamsikia, "sina maji ya kuoga."

Kitanda kikalia, Mama anageuka.

"Mifereji mikavu tangu jana. Boza tuliloita halijafika, na yaliyokuwepo wamepikia pilau. Watu wa mume wako njiani."

"Huna maji?" sauti ya Mama ikapanda. "Siku ya leo? Na wote hao waliojaa hapo nje wanafanya nini?"

"Wanapika."

Kitanda kikalia tena. Kisha nikasikia fremu, ko, ko, ko. "Funga mlango. Vua hizo leso. Lete ile sufuria kubwa. Si hiyo! Hiyo ya kifuniko."

Nikasikia maji. Kata moja, na nyingine. Nikamsikia Mama anagomba, "Shingo! Shingo, mtoto wewe, kila siku ni shingo!" na Riziki anacheka, lile bafu halimtoshi hata mtu mmoja, wanagongana humo na kucheka wote wawili. Wakwe walishaanza kuingia kwa vigelegele upande wa mbele. Watu wakaniuliza bibi arusi yuko wapi, nikawaambia anaoga, nendeni mkawape soda.

"Haya, sasa wewe, Nyanya," Riziki akasema.

Nilisimama na taulo mikononi, nikangoja lile neno lake, "Niache." Halikuja.

"Haya," Mama akasema. "Lakini taratibu hapo mgongoni."

Sitawadanganya: niliumia. Tangu hospitali namwomba, na mimi sifunguliwi mlango. Nikamletea bafu lake peke yake, nikaburuza mabomba na betri kutoka Mtongwe, ili asimhitaji mtu. Wala sikuwahi hata siku moja kumwomba yeye anifanyie kitu. Nilimsikia mle ndani anaelekeza, lete hiki, inua mkono, geuka, na hiyo ilikuwa sauti yake ya zamani, ambayo sikujua kwamba nimeikosa.

Mlango ukafunguka. Riziki akatoka mbio kwenda kuvalishwa. Mama akasimama juu ya ngazi, leso mpya, poda shingoni, anameremeta. Akatazama chini, akatazama watu. Akamnyooshea Karisa fremu yake, naye Karisa akaipokea bila kuelewa. Kisha akanigeukia mimi.

"Unangoja nini, Kadzo? Nishike."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa bado umelowa.